Maharage ya Kisiwa cha Evaristi

Hivi wewe, ukipewa kibuyu kitupu na kuambiwa uhesabu viota mia tano vya ndege, usitamke namba hata moja wala usinyooshe kidole, ungeanzia wapi?

Ernesta alianzia kwenye maharage. Siku moja kabla ya safari alikaa mlangoni kwa kaka yake, ungo mapajani, akachambua. Mekundu yalikuwa ya viota vyenye vifaranga. Meupe yalikuwa ya viota vyenye mayai. Yaliyotobolewa na wadudu aliwarushia kuku, maana alifundishwa tangu utoto kwamba harage bovu halisimami badala ya kiumbe kizima. Mazuri aliyafunga kwenye pembe mbili za khanga, pembe hii mekundu, pembe hii meupe. Kibuyu chenyewe kilikuwa cha marehemu baba yake, Mzee Evaristi, shingo ndefu, kizibo cha gunzi la muhindi, na kamba ya katani ya kukivalia shingoni.

Mwaka ulikuwa wa sabini na sita, mwezi wa sita, mvua zimekwisha na majani yameanza kukauka. Kijiji kilikuwa Kumsinzi, kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kibondo, pale ardhi inapochoka na vilima na kushuka kuelekea mabwawa ya Moyowosi. Watu wa Kumsinzi walikuwa wamehamishiwa barabarani miaka miwili nyuma. Ernesta naye alihamishwa. Alitolewa ukingoni mwa bwawa, mahali alipozaliwa, alipoolewa na alipofia mumewe, akapewa kiwanja chenye namba karibu na nyumba ya kaka yake Dionis. Nyumba yake ya zamani ilibaki bila paa. Lakini kisiwa kilichokuwa mbele ya nyumba ile, chenye migunga mikubwa iliyosheheni ndege, hakikuhamishwa na mtu.

Ndege wenyewe ni mwari, wale wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, weupe wa kijivu, na mgongoni wana wekundu kidogo kama nguo iliyofuliwa pamoja na kitambaa kinachochuja rangi. Zamani walizalia visiwa vitatu. Cha kwanza kilichomwa na warina asali. Cha pili kilikatwa migunga yake yote kwa ajili ya kukausha samaki. Kilibaki hicho kimoja.

Na hicho kimoja Mwenyekiti wa kijiji, ndugu Cleophas, alitaka kukichoma Jumamosi ile.

Tusimwonee. Cleophas alikuwa na kaya mia tatu za kulisha, na muhogo wa msimu uliopita ulikuwa umeoza ardhini. Alikuwa amesikia kwamba udongo wa kisiwani, uliokaa miaka na miaka ukipokea kinyesi cha ndege, unaotesha mpunga hadi kifuani mwa mtu. Akapanga choma majani, kata miti, lima shamba la kijiji. Ofisi ya wanyamapori ikamjibu kwa barua: kwanza ndege wahesabiwe mbele ya mwongozaji wa pale kijijini. Viota vyenye uhai vikifika mia tano, kisiwa kinafungwa kisiguswe, na kibanda cha mlinzi kinajengwa ukingoni. Visipofika, kijiji kilime. Jibu lifike Kibondo kabla ya Jumamosi.

Mwongozaji aliyeandikwa kwenye barua alikuwa Dionis. Lakini Dionis alikuwa ameondoka wiki hiyo kumpeleka mama yao Kasulu, hospitali ya Kabanga, kutazamwa mguu. Basi Ernesta akaenda yeye.

"Mama, mimi nimeletewa jina la mwanamume hapa," alisema Bwana Nyama alipomwona na kibuyu chake. Aliitwa Dadi, kijana wa Pangani aliyepangiwa kazi huku, mwembamba, viatu vizuri mno kwa matope. Watu walimwita Bwana Nyama kama walivyowaita wote wa kazi ile, ingawa safari hii alifuata ndege.

"Jina liko Kabanga na mguu wa mama," Ernesta akamjibu. "Mtumbwi uko hapa. Utaingia, au utasubiri jina?"

Dadi akacheka, akaingia. Kabla hawajaondoka akamuuliza atamlipaje kwa siku hiyo, anataka nini. Ernesta akajibu, "Chumvi inatosha." Hilo ndilo lililomtoka mdomoni. La moyoni lilikuwa limekaa miaka miwili, na hakuwahi kumwambia mtu.

Walifika saa mbili asubuhi. Jua lilikuwa bado upande mmoja wa mafunjo, na maji yalikuwa meusi, tuli. Ernesta alisimama nyuma akisukuma kwa upondo. Dadi alikaa mbele na daftari lake lenye jalada gumu, penseli mbili, moja sikioni. Harufu ya samaki waliotapikwa iliwapokea kabla ya kisiwa chenyewe. Kisha ikaja sauti. Vifaranga wa mwari hawalii kama ndege wengine, wanakoroma, na wakiwa mamia ni kama chungu kikubwa kinachochemka kwa moto mdogo.

"Sikiliza, Bwana Nyama," Ernesta alinong'ona. "Hapa hatusemi namba."

"Mila?"

"Mila. Kilicho hai na bado kichanga hakihesabiwi kwa mdomo."

"Mimi nina daftari. Nitaandika tu."

Aliandika kweli, mti wa kwanza, mti wa pili, vijistari vinne na cha tano kukata. Ernesta naye kwa kila kiota alitoa harage pembeni mwa khanga, akalidondosha kibuyuni. Tik. Jekundu. Tik. Jeupe. Macho yake hayakurudi nyuma. Baba yake alimfundisha kupanda mti kwa macho kutoka chini kwenda juu, upande wa kushoto kwanza, kama mtu anayefunga vifungo vya shati.

Kwenye mti wa nne Dadi alijisahau. Mgunga ule ulikuwa na viota vingi kuliko yote, vimebanana kama vikapu sokoni, na yeye alichangamka. Akasimama kidogo mtumbwini, akanyoosha penseli, akasema kwa sauti ya mwalimu wa hesabu, "Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja."

Mwari wakubwa waliruka wote kwa pamoja. Upepo wa mabawa yao uliwapiga usoni. Na pale juu ya miti, walikokuwa wamekaa kimya tangu asubuhi bila mtu kuwaangalia, korongo wenye vipara walianza kushuka. Hawakuharakisha. Mmoja alitua kwenye ukingo wa kiota, akainamisha shingo, akakishika kifaranga mguuni, akakiinua, akakimeza kikiwa bado kinakoroma. Wa pili akaenda kiota cha jirani.

Dadi alikaa chini polepole. 

Walikaa bila kujitikisa, wameinama, hadi mwari waliporudi mmoja mmoja na kuwafukuza wale korongo. Muda ule ulikuwa mrefu. Jua lilipanda kidole kizima. Ernesta alivitazama vile viota viwili vilivyobaki vitupu, akaingiza vidole kibuyuni, akatoa maharage mekundu mawili, akayatupa majini.

"Kwa hiyo si mila tu," Dadi alinong'ona.

"Mimi nilikuambia ni mila. Wewe ndiye uliyeongeza 'tu'."

Baada ya hapo Dadi hakutamka namba tena. Walizunguka kisiwa chote, miti kumi na tisa, na pembe za khanga zilizidi kulegea, na kibuyu kikazidi kuwa kizito shingoni mwa Ernesta. Hakujua ni ngapi. Ndivyo inavyotakiwa: anayehesabu hivyo hajui hadi afike nyumbani amimine. Lakini uzito aliujua, na uzito huo ulikuwa mdogo kuliko wa miaka ya baba yake.  Kwenye mti wa mwisho alipangusa jasho, akatazama ng'ambo, pale ukingoni, ukuta wa udongo wa nyumba yake ukionekana katikati ya matete, na mpapai alioupanda mwenyewe ukiwa umezaa bila mtu wa kuchuma.

"Pale ndipo kitakapojengwa kibanda," Dadi alimwonyesha kwa kidevu. Alikuwa amejifunza kutonyoosha kidole. "Tukipata mia tano."

"Nani atakaa?"

"Ataletwa askari. Kutoka Kasulu labda."

Ernesta aliutazama mpapai. Akazamisha upondo.

Waligeuza kurudi. Walikuwa wameuacha mlango wa mafunjo, maji mapana mbele yao, wakati maji tuli yalipovimba upande wa kulia kama blanketi ambalo mtu anaamka chini yake. Ernesta aliona, akasukuma kwa nguvu zake zote, akaokoa nusu. Mgongo wa kiboko ulipiga ubavu wa mtumbwi. Mtumbwi haukupinduka wote, ila Dadi alirushwa nje na daftari lake, na maji yakaingia.

"Usipige mateke," Ernesta alimwambia, kwa sauti ya chini kabisa. "Shika upondo. Tulia kama gogo."

Alimvuta kwa upondo, ukingo wa mtumbwi ukiwa sawasawa na maji, kiboko akipumua mahali fulani kati ya mafunjo, puu, kimya, puu. Kila pumzi ilitoka mahali pengine. Walifika kwenye matope. Mtumbwi ulikuwa na ufa wa mkono mzima. Daftari lilikuwa limezama, na penseli ya sikioni pia.

Kibuyu kilikuwa shingoni. Kizibo kilikuwa kimeshika. Ernesta alikitikisa karibu na sikio, na maharage yakagonga makavu.

"Hiyo ndiyo hesabu yetu sasa," Dadi alisema, akikamua shati. "Mtumbwi mwingine uko wapi?"

"Kwa wavuvi wa chini. Siku mbili kwa miguu."

"Landrova inanipitia kesho asubuhi." Akakitazama kibuyu. "Basi tutayamwaga mbele ya Mwenyekiti. Ayaone kwa macho yake, asije akasema nimejitungia. Mlete leo."

Saa sita walikuwa kijijini. Dadi alikwenda ofisi ya kijiji kukausha nguo. Ernesta aliingia kwa kaka yake akiwa na matope hadi kiunoni, akatundika kibuyu kwenye kigingi juu ya mafiga, mahali pakavu, akamwambia wifi yake Domitila, mke wa Dionis, "Mwenyekiti anakuja hapa saa kumi. Nakimbia kumwita shambani."

Hakusema kibuyu kina nini. Na hapo ndipo penye kosa, ingawa kwa kulelewa kwake asingeweza kutenda vingine. Hesabu ya viumbe vichanga haisemwi, na kibuyu kinachoibeba hakitajwi hadi kimiminwe. Aliondoka akiwa na amani.

Domitila alibaki amesimama katikati ya jiko, mkono kichwani. Mwenyekiti. Hapa. Saa kumi. Kwake yeye Cleophas hakuwa mwenyekiti peke yake. Mwanawe alikuwa amemposa binti wa Domitila mwezi uliopita, hivyo Cleophas mwenyewe sasa alikuwa mkwe, na alikuwa hajawahi kula katika nyumba ile. Domitila alifungua vyungu vyote. Kulikuwa na unga wa muhogo, kisamvu cha juzi, na chumvi ya mawe. Akatazama juu ya mafiga, akaona kibuyu. Akachungulia. Maharage safi, yamechambuliwa, hakuna hata moja lililotobolewa. Akashukuru moyoni kuwa na wifi mwenye akili kiasi kile, anayejua mkwe akija nyumba inahitaji nini bila kuambiwa.

Akayaosha, akayateleka.

Ernesta hakumkuta Cleophas shambani. Alikuwa ameshasikia kwamba anaitwa kwa Dionis, akaondoka kwa njia ya juu. Alirudi akitembea karibu ya kukimbia, akampitia Dadi ofisini, wakaja pamoja. Walipoinama kuingia, Cleophas alikuwa ameketi kwenye kiti cha Dionis, ameshakula, ananawa mkono. Mbele yake bakuli la bati lenye maua, limefutwa kwa tonge hadi maua yanang'aa.

"Karibuni, karibuni," alisema kama nyumba yake. Alikuwa mtu mnene wa sauti, mcheshi akishiba. "Bwana Nyama, nasikia kiboko amekubatiza. Sasa utakuwa Mkatoliki kama sisi."

"Namshukuru Mungu nimetoka na miguu yote," Dadi akajibu.

Ernesta alikuwa anatazama kigingi. Kilikuwa kitupu. Kibuyu kilikuwa chini, pembeni mwa mafiga, kinywa wazi.

"Wifi," alisema. "Kibuyu."

"Nimeyapika yote, wifi, hata moja sikubakiza," Domitila akamjibu kwa fahari, akipunguza sauti mkwe asisikie. "Yameiva vizuri mno."

Ernesta alishika nguzo. Kwa muda hakusikia kitu zaidi ya ule mkoromo wa vifaranga, na alipotega sikio akajua ni chungu. Kilikuwa bado kinachemka kwa moto mdogo.

Alimvuta Domitila nje, nyuma ya nyumba, akamweleza kwa maneno machache. Domitila alikaa chini kwenye majivu.

"Nimepika kisiwa," alisema.

"Jipe moyo. Nani amekula?"

"Mkwe peke yake. Bakuli moja. Pawa mbili za kujaa. Nami nilionja matatu kuona kama yameiva." Akafikiri, akamshika Ernesta mkono. "Wifi, nisikilize. Nitasema amekula mabakuli mawili. Nani atabisha? Yeye mwenyewe ataona haya kubisha."

Ernesta alimtazama. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kuliko kuvuta kamba ya mbuzi. Bakuli la pili lingejaza chochote kilichopungua, na Jumamosi isingekuwa na moto. Alisikia kibuyu kilivyokuwa chepesi shingoni asubuhi ile, kuliko cha baba yake. Alikumbuka pia maharage mawili aliyoyatupa majini, ingawa hakuna aliyemwona zaidi ya kijana aliyetishika.

"Hapana," alisema. "Nikianza kuongeza leo, mwaka kesho sitajua walio hai ni wangapi. Simama. Leta ungo."

Waliingia. Ernesta akasema mbele ya wote, bila kuzunguka: maharage yale ndiyo hesabu ya kisiwa, jekundu kiota chenye vifaranga, jeupe kiota chenye mayai, yamepikwa kwa bahati mbaya, na Mwenyekiti amekula sehemu.

Cleophas alitazama bakuli tupu. Kisha akacheka hadi kiti kikalia. "Kwa hiyo nimekula ndege?"

"Umekula viota, ndugu Mwenyekiti," Dadi alisema, na yeye hakucheka.

"Haya. Kilicho chunguni ndicho hicho. Hesabuni. Barua inasema mia tano, haisemi mia tano pamoja na yaliyo tumboni mwa Cleophas."

Domitila aliepua chungu. Waliyachuja mchuzi, wakayamwaga kwenye ungo, mvuke ukapanda. Ernesta alikaa chini, akaanza kuyatenga kumi kumi kwa kijiti.

"Utahesabu kwa mdomo?" Dadi aliuliza polepole. "Si mwiko?"

"Haya si vifaranga tena. Ni mboga."

Basi kwa mara ya kwanza maishani mwake Ernesta alihesabu kisiwa cha baba yake kwa sauti. Alianza kwa aibu, kama mtu anayeimba kanisani peke yake. Kumi. Ishirini. Lililopasuka vipande viwili aliliunganisha kwa ncha ya kijiti kabla ya kulipitisha, na ganda tupu hakulihesabu. Dadi aliandika nyuma ya barua kwa kalamu ya kuazima. Cleophas alivuta kiti karibu, akahesabu naye kwa midomo bila sauti. Mia. Mia mbili. Kuku aliingia, akafukuzwa na watu watatu kwa pamoja. Mia tatu. Baada ya mia tatu na hamsini ungo ulianza kuonekana chini, na sauti ya Ernesta ikapungua yenyewe. Mia tatu themanini. Tisini. Akatafuta kwenye nyuzi za ungo, akapata moja jeupe limejibana.

"Mia tatu tisini na moja."

 Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Pungufu mia na tisa," Cleophas alisema, na sauti yake haikuwa na kejeli. "Dada Ernesta, pole. Umefanya kazi nzuri."

"Bado bakuli lako, ndugu Mwenyekiti."

"Bakuli langu limekwisha."

"Wifi, chukua upawa uleule," Ernesta alisema. "Mjazie Mwenyekiti bakuli lilelile, kama ulivyomjazia."

Domitila alichota kutoka kwenye ungo, upawa wa kwanza, wa pili, akaongeza mchuzi kama mwanzo, akalituliza bakuli mbele ya mkwe wake kwa mikono miwili, akipiga goti kama alivyopiga mara ya kwanza. Maharage yalifika kwenye mstari wa maua. Halafu Ernesta akamwomba Cleophas kitu kimoja tu, aseme kama bakuli alilokula lilikuwa sawa na hilo au lilipungua.

Cleophas alilitazama bakuli.

Alijua kuhesabu vizuri kuliko watu walivyodhani. Angesema lilipungua kidogo, upana wa vidole viwili, na kazi imekwisha. Jumamosi moto, mwezi wa kumi na moja mpunga. Na hakuna wa kumbishia, kwa sababu tumbo ni lake. Lakini mbele yake Domitila alikuwa bado amepiga goti, jasho la moto likimtiririka shingoni, mkono umeshika ukingo wa bakuli. Mkwe anayesema kwamba kwa mkwe wake alipewa kidogo, mara ya kwanza kabisa kuketi kula, anaondoka na neno litakalotangulia mbele ya bibi harusi hadi uzeeni. Binti angeitwa mtoto wa nyumba ya upawa nusu. Na mwanawe Cleophas angekuwa mume wake.

  Ernesta alitazama mikono yake mwenyewe, utando wa matope umekaukia kwenye kucha.

Cleophas alisukuma pumzi puani. "Lilijaa," alisema. "Lilikuwa hivi hivi. Hata mchuzi ulimwagika kwenye goti langu, tazameni." Kweli suruali ilikuwa na doa.

Walihesabu bakuli. Mia moja na kumi na nane.

Dadi alijumlisha mara mbili. "Mia tano na tisa."

"Na matatu niliyoonja," Domitila alisema kutoka sakafuni.

"Mia tano na kumi na mbili. Nitaandika na namna tulivyozipata. Yote. Chungu, upawa, mkwe. Wakitaka kucheka Kibondo, wacheke." Alimgeukia Cleophas. "Utatia sahihi?"

"Nipe kalamu kabla sijajuta." Alitia sahihi, herufi kubwa, kisha akatupa kalamu juu ya meza. "Sasa niambieni, kaya mia tatu nitazilisha mwari? Mpunga nitaulima wapi mimi?"

"Bonde la nyuma ya shule," Ernesta akamjibu. "Mnaona majani tu. Mimi nimelima pale kabla ya nyie kuhamishiwa. Chini ya majani maji yanakaa hadi mwezi wa nane. Kesho nitawaonyesha mfereji wa zamani ulipo."

Cleophas alimtazama kama mtu aliyeona mlango kwenye ukuta aliouzoea. "Na ulikuwa unangoja niulize?"

"Ulikuwa hujauliza."

Dadi alikunja barua, akaitia mfukoni, akafunga kifungo. Alikuwa amechoka, nguo zake zilinuka moshi na bwawa, lakini uso ulikuwa umefunguka. Akaanza kupanga kwa sauti: kibanda, mabati sita, dirisha la kutazama kisiwa, askari mmoja kutoka Kasulu, kijana mwenye nguvu, asiyeogopa upweke. Kisha akakumbuka.

"Mama Ernesta. Chumvi yako nitaileta na gari. Mfuko mzima. Lakini chumvi kwa siku kama ya leo ni ndogo, nami najua ni ndogo. Niambie kweli. Unataka nini?"

Ernesta alikuwa anayarudisha maharage chunguni, polepole, kwa kiganja, asipoteze hata moja, maana sasa yalikuwa chakula na watu walikuwa na njaa. Alimaliza. Akapangusa mikono kwenye khanga, pembe mbili zilizolegea. Domitila alimtazama, na Cleophas, ambaye alikuwa ameshainuka kuaga, akasimama mlangoni.

"Usimlete askari," alisema. "Pale ni kwangu. Nataka nikae mimi."